Makundi Manne ya Sonona na Hesabu Iliyoyazaa

Januari 2017 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa Andrew Drysdale, Conor Liston na wenzao, uliodai kwamba sonona si ugonjwa mmoja. Kuna makundi manne, walisema, na kila kundi hutambulika kwa jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana. Dai hilo lilistahili kusikilizwa kwa makini, maana daktari wa afya ya akili, awe New York au Kyela, mpaka leo hana kipimo cha damu wala picha ya kumwonyesha ni dawa gani itamfaa mgonjwa aliye mbele yake. Nionavyo mimi, udhaifu wa kazi ile haukuwa katika mashine wala katika nia ya watafiti. Ulikuwa katika mpangilio wa hesabu.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Mgonjwa hulala ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, kwa dakika kadhaa bila kupewa kazi yoyote. Mashine haioni mawazo, wala haipimi umeme wa neva; hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo. Sehemu mbili ambazo mabadiliko yake hupanda na kushuka pamoja huhesabiwa kuwa zimeunganishwa. Watafiti waliugawa ubongo katika sehemu 258, na kila mgonjwa akatoa miunganisho zaidi ya 33,000. Wagonjwa waliotumika kuyasaka makundi walikuwa 220 tu. Ili kupunguza mzigo huo, walichagua kwanza miunganisho iliyoonekana kwenda sambamba na dalili za wagonjwa hao, kisha wakapima uhusiano kati ya miunganisho hiyo teule na dalili zilezile, na kwa uhusiano huo wakawapanga wagonjwa katika makundi. Ni kama mkulima wa mpunga achambue punje nono peke yake, azipime, halafu atangaze kuwa ghala lake lote ni nono. Namba inayopatikana kwa njia hiyo lazima iwe kubwa, uhusiano wa kweli uwepo au usiwepo.

Mwaka 2019 Richard Dinga na wenzake nchini Uholanzi waliirudia njia hiyo kwa watu 187 wenye sonona na wasiwasi. Nao walipata uhusiano uliokaribia 1, yaani kiwango cha juu kabisa. Ila waliongeza hatua moja ya maana: walizivuruga data makusudi ili dalili za mtu mmoja ziangukie kwenye ubongo wa mwingine, kisha wakarudia kila kitu, pamoja na ule uchaguzi wa mwanzo. Data zilizovurugwa nazo zikatoa namba kubwa. Walipoujaribu uhusiano huo kwa watu ambao hawakuhusika kuutengeneza, ulikaribia sifuri. Kuhusu makundi, mbinu ya kupanga watu itatoa makundi hata pale ambapo watu hutofautiana kidogo kidogo bila mpaka wowote kati yao, na Dinga hakuona ushahidi kwamba mipaka ipo.

Watetezi wana majibu matatu. Wanasema wagonjwa wa Uholanzi walikuwa wa aina tofauti, na hilo ni kweli. Lakini kasoro ya kuchagua kabla ya kupima haitegemei mgonjwa ni nani. Wanasema pia kwamba Drysdale aliweza kuwatenganisha wagonjwa na watu wenye afya katika sampuli mpya. Hilo nalo ni kweli, ila kumtenga mgonjwa na mzima si kuthibitisha kwamba wagonjwa ni makundi manne. Jibu lenye uzito zaidi ni kwamba makundi yale yalitofautiana katika kupata nafuu kwa tiba ya sumaku inayoelekezwa kwenye ubongo. Hapo pana jambo la kufuatilia, kwa jaribio linalotabiri nani atapona kabla tiba haijaanza. Tena liwe la watu wengi, kwani mwaka 2022 Scott Marek na wenzake, wakitumia picha za watu wapatao 50,000, walionyesha kwamba uhusiano wa namna hii kwa kawaida huhitaji maelfu ya watu ndipo uaminike.

Atauliza mtu wa Talatala, huku Kyela: haya yananihusu nini, nami MRI siijui? Mashine zinakaribia: mwaka 2022 moja ya sumaku hafifu iliundwa Mbarara, Uganda, ingawa hiyo ni ya kuonyesha umbo la ubongo. Programu za kutafsiri picha zitafuata mashine. Tatizo ni kwamba nusu ya hesabu ya Drysdale ilikuwa dalili zilizopimwa kwa kipimo cha sonona cha Hamilton cha mwaka 1960, ilhali Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili waliona haja ya kulifanyia tathmini hata dodoso la sonona la hapahapa Dar es Salaam, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Tena watoto wa huku kwetu hukua na malaria, na tafiti za Kampala zimeonyesha kwamba malaria ya ubongo huweza kuacha matatizo ya tabia na ya kufikiri kwa muda mrefu. Ramani iliyochorwa kwa ubongo wa wagonjwa wa Amerika Kaskazini haikuwahi kukutana na historia hiyo. Kwa hiyo hospitali ya Tanzania itakapoletewa kipimo cha miunganisho ya ubongo, iombe kwanza matokeo ya wagonjwa wa hapa ambao hawakutumika kukitengeneza, na yasipokuwepo ikikatae.