Wapasua Mawe wa Iringa

Jiwe la Iringa likipasuliwa, uso mpya hujionyesha kwa rangi zake: felspari nyeupe au ya waridi, kwatsi ya kijivu, na vipande vyeusi vya mika vinavyometameta juani. Chembe hizo zimekua kubwa kwa sababu magma ilipoa polepole mno, kilomita kadhaa chini ya ardhi, na mmomonyoko ukaja kuifunua baada ya mamilioni ya miaka. Hiyo ndiyo graniti.

Mpasuaji mzoefu haanzi na nyundo. Huuzunguka mwamba kwanza, akaupapasa, akaugonga hapa na pale huku ametega sikio. Palipo pazima hulia kama kengele. Penye ufa sauti hufifia. Akishajua jiwe linataka kuachia upande gani, huchimba kwa tindo vitundu vilivyopangana kwenye mstari mmoja, akatia kabari za chuma, kisha akazipiga moja moja, kidogo kidogo, akifika mwisho anarudi mwanzo. Ninachokipenda zaidi ni pale anapopumzisha nyundo na kusubiri: ufa unaendelea kutembea wenyewe ndani ya jiwe. Akiharakisha, jiwe humkatikia ovyo na kazi yote inaishia kokoto.

Penye mwamba mkubwa huwashwa moto juu yake. Joto huitanua kwatsi kuliko felspari, chembe zinasukumana, na gamba zima la jiwe linabanduka.

Ukishuka Tukuyu, Mbeya, ustadi huo inabidi ujifunzwe upya. Lava ya milima ya Rungwe ilimwagika juu ya ardhi ikapoa haraka, chembe zisipate nafasi ya kukua. Basalti yake ni nyeusi, imeshikamana, na ikipigwa hutoa vipande vyenye makali. Daraja la Mungu, juu ya Mto Kiwira, ni la lava hiyo.

Watu wa Isimila, karibu na Iringa mjini, walizijua tofauti za namna hii zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Uchimbaji wa 1957 na 1958, chini ya mwanaakiolojia Clark Howell, ulifukua mashoka yao ya mkono. Mengine ni ya kwatsaiti na mailoniti, miamba inayokubali makali. Mengine ni ya graniti hii hii yenye chembe kubwa, na bado pande zake mbili zimelingana.