Kupiga si Kugonga: Tahakiki ya Fasili za Vitenzi Viwili katika Kamusi za Kiswahili

1. Utangulizi

Mvuvi wa Pangani akieleza jinsi chombo kilivyovunjika husema kwamba wimbi lilikipiga, nacho kikagonga mwamba. Hasemi kwamba wimbi lilikigonga, wala kwamba chombo kilipiga mwamba. Uteuzi huo haumgharimu fikra yoyote, kwa kuwa ni sehemu ya umilisi wake wa lugha. Hata hivyo, mwanafunzi atakayefungua kamusi ili ajue kwa nini vitenzi hivyo haviwezi kubadilishana nafasi hatapata jibu la kutosha. Makala haya yanatahakiki namna kamusi zetu zinavyofasili *piga* na *gonga*, na yanadai kwamba tofauti ya vitenzi hivi haiko katika nguvu wala sauti ya kishindo. Iko katika swali la nani au nini ndicho chanzo cha tendo. Mifano ni ya Kiswahili kinachozungumzwa Pangani mjini na Bweni, ng'ambo ya mto. Sifa mahususi za Kimtang'ata, lahaja iliyoelezwa na Whiteley mwaka 1956, hazihusiki hapa.

2. Kasoro ya fasili

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliweka msingi ambao haujatikiswa sana. Chini ya *piga* imetoa visawe vya Kiingereza, kisha ikaorodhesha misemo mingi inayojengwa kwa kitenzi hicho. Orodha hiyo ni hazina, na mtahakiki hana budi kuishukuru. Tatizo ni kwamba orodha ilichukua nafasi ya maelezo. Mwelekeo huo umeendelea katika kamusi za lugha moja, kuanzia *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya mwaka 1981 na matoleo yake yaliyofuata: *piga* hugawanywa katika maana na misemo mingi, ilhali *gonga* hufasiliwa kwa kupitia *piga* yenyewe, pamoja na nyongeza kuhusu kifaa au mlio. Msomaji huhitimisha kwamba kugonga ni aina mojawapo ya kupiga. Hitimisho hilo halihimili ushahidi wa sarufi.

3. Ushahidi wa sarufi

Tuanze na kauli ya kutendana:

(1) a. Vijana wawili walipigana kivukoni.
b. Vijana wawili waligongana kivukoni.

Sentensi ya (1a) inaeleza ugomvi. Ile ya (1b) inaeleza watu waliokuwa na haraka ya kuwahi kivuko, ambao huenda waliombana radhi na kuendelea na safari. Ndiyo sababu magari hugongana lakini hayapigani. Ukiongeza kiambishi cha usababishaji tofauti huzidi kudhihirika: majogoo hupiganishwa, vichwa hugonganishwa. Kama kugonga kungekuwa aina ya kupiga, kugongana kungekuwa aina ya kupigana, jambo ambalo hakuna msemaji atakayelikubali.

Jaribio la pili linahusu nomino ya kifaa:

(2) a. Alimpiga fimbo.
b. *Alimgonga fimbo.
c. Alimgonga kwa fimbo.

Kitenzi *piga* hupokea kifaa moja kwa moja, bila kihusishi, kana kwamba fimbo, ngumi au teke ni sehemu ya tendo lenyewe. Uwezo huo ndio uliozaa *piga picha*, *piga pasi*, *piga mbizi* na *piga makasia*, ambamo *piga* hubeba utendaji na nomino hubeba maana mahususi. *Gonga* hakina nafasi hiyo katika sarufi ya kawaida. Matumizi ya vijana kama *gonga supu* yanaonyesha kwamba mipaka inasogea, lakini ladha yake ya kimtaani inatokana hasa na kuvukwa kwa mpaka huo.

Jaribio la tatu ni la kijirejeshi. *Alijipiga kifua* ni kauli kuhusu mtu anayejigamba. *Alijigonga kichwa* ni kauli kuhusu mtu aliyesahau kwamba mlango ni mfupi.

4. Nia au chanzo?

Ushahidi huo unaweza kumshawishi msomaji aseme kwamba *piga* hudai nia na *gonga* hudai ajali. Fasili hiyo ni nyepesi mno. Radi humpiga mtu, jua hupiga, wimbi hupiga chombo, na hakuna kati ya hivyo kilicho na nia. Aidha, *Alimgonga makusudi* ni sentensi sahihi kabisa.

Kinachounganisha ngumi, radi na wimbi ni kwamba nguvu ya tendo hutoka kwa kiima chenyewe na kumwelekea mtendwa. *Piga* humtaja mwenye tendo. *Gonga* hutaja mkutano wa vitu viwili, agh. vigumu, na hukaa kimya kuhusu chanzo. Ndiyo maana mtu *hupiga* hodi, kwa kuwa hodi ni wito utokao kinywani mwake, lakini *hugonga* mlango, kwa kuwa hapo kifundo cha kidole kimekutana na ubao. Ndiyo maana vilevile wavuvi haramu wa mwambao wa Tanga wakasemwa kwamba *wanapiga* baruti, ingawa mkono wao haumfikii samaki hata mmoja: tendo ni lao.

Mfano mgumu zaidi ni wa nyoka. Husemwa *amegongwa na nyoka*, ingawa nyoka ni kiumbe hai na nguvu ni yake. Hata hivyo, *uma* hutaja meno, na *gonga* hutaja kichwa kinavyotua mwilini. Msemaji amechagua kueleza mguso wenyewe. Mfano huu hauvunji dai letu, bali unatukumbusha kwamba uteuzi wa kitenzi ni uteuzi wa mtazamo.

5. Gharama ya fasili hafifu

Suala hili lina uzito nje ya darasa. Mahakama za mwanzo zimezoea kuendesha mashauri kwa Kiswahili, lakini kwa miaka mingi katika mahakama za juu yake shahidi alisema kwa Kiswahili na kumbukumbu ikaandikwa kwa Kiingereza. Neno la Kiingereza *hit* hupokea ngumi na gari bila ubaguzi. Shahidi aliyesema *alimgonga*, akijizuia kumhukumu mtu, na yule aliyesema *alimpiga*, akimtaja mwenye tendo, waliweza kuandikwa kwa neno lilelile.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama yameigeuza kazi hiyo upande wa pili. Sasa mfasiri ndiye anayekutana na *hit* katika maandishi ya zamani na kulazimika kuchagua. Akitegemea kamusi inayomwambia kwamba *piga* na *gonga* ni takriban kitu kimoja, anaweza kumpa dereva lawama ambayo shahidi hakuitamka, au kumwondolea mgomvi lawama iliyotamkwa wazi.

6. Hitimisho

Makala haya yanapendekeza kwamba *gonga* kifasiliwe bila kupitia *piga*: kukutana kwa kitu na kingine kwa kishindo, chanzo cha tendo kikiwa hakitajwi. *Piga* nacho kianze na maana ya kuelekeza nguvu itokayo kwa kiima, kisha misemo yake ipangwe chini ya maana hiyo. Kauli za kutendana zipewe vidahizo vyake, kwa kuwa *pigana* na *gongana* ndizo zinazofichua tofauti hii upesi zaidi.

Wahenga waliijua tofauti hiyo pasipo kamusi. Walisema *mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe*. Wangesema *mgonga ukuta*, tungemwonea huruma.