Mkono Ulipopita

Saini ya kweli huanza kabla peni haijagusa karatasi. Mkono unakuwa umeshaondoka, peni ingali hewani, na inapotua inatua ikienda. Ukiiweka saini hiyo chini ya hadubini utaona mwanzo wa mstari ni mwembamba, kisha unanenepa kadiri uzito wa mkono unavyoshuka, na mwisho wake unafifia kwa sababu peni iliinuliwa ikiwa bado mbioni. Ya kughushi mara nyingi haiko hivyo. Mwenye kuiga huiweka kwanza ncha ya peni mahali pake, akahakikisha pako sawa, ndipo akaanza kuvuta. Mstari wake huanza butu na kuisha butu, na unene wake ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, maana mkono unaochora hauna mahali pa kukaza wala pa kulegeza. Halafu katikati ya mviringo, mahali ambapo mwenye saini hakuwahi kusimama maishani mwake, pana kituo. Peni iliinuliwa hapo, jicho likarudi kwenye kielelezo, kisha mstari ukaungwa. Kwa macho ya kawaida kiungo hicho hakionekani kabisa. Chini ya hadubini kinaonekana wazi: ncha mbili za wino zimepandana, na pengine pana mfuo mdogo wa peni iliyokandamizwa kwa wasiwasi.

Hii ndiyo kazi ya wachunguzi wa nyaraka zenye shaka, watu wanaoletewa wasia, hundi, mikataba ya viwanja na barua za vitisho, wakaulizwa: ni nani aliyeandika? Nimewaheshimu kwa muda mrefu. Mwenye kughushi hushughulika na umbo la herufi, kwa kuwa umbo ndilo analoliona. Wao hushughulika na mwendo. Wanamtambua mwandishi kama unavyomtambua jirani akiwa bado mbali njiani, kwa jinsi anavyotembea, kabla hujauona uso wake.

Mtetemeko wa mkono unaonyesha jinsi kazi hii ilivyo ngumu. Mzee wa miaka themanini, mgonjwa, akitia saini wasia wake, mstari hutetemeka. Anayemghushi naye hutetemeka, kwa hofu na kwa kwenda polepole. Mtu asiye na ujuzi ataiona mitetemeko miwili akadhani ni kitu kimoja. Mchunguzi anajua kwamba mzee hutetemeka bila kujali. Mistari yake huruka huku na huku, herufi nyingine haikufungwa, nukta imeangukia mbali na i yake, naye hakurudi kurekebisha chochote, kwa sababu jina ni lake na hana wa kumwogopa. Mwenye kughushi hutetemeka kisha hurudi kupaka mahali palipokatika. Saini dhaifu iliyorekebishwa kwa uangalifu mkubwa inatia shaka kuliko saini mbovu iliyoachwa ilivyo.

Aliyeyaweka mengi ya mambo haya kwa utaratibu ni Mmarekani Albert S. Osborn, aliyezaliwa mwaka 1858. Kitabu chake, Questioned Documents, kilitoka mwaka 1910, na toleo la pili, lililopanuliwa sana, likafuata mwaka 1929. Kabla ya hapo Osborn alikuwa mwalimu wa mwandiko mjini Rochester, jimbo la New York, na nadhani hilo lilimfaa kuliko shahada yoyote. Mwalimu wa mwandiko anajua ni umbo gani lilitoka ubaoni na lipi mwanafunzi alilizua mwenyewe. Watu waliosomeshwa na mwalimu mmoja, kwa daftari la mfano mmoja, wanaweza kuandika k zinazofanana kabisa, na kufanana huko hakuthibitishi lolote. Kinachomtenga mtu mmoja na wenzake ni mazoea aliyojiongezea miaka iliyofuata, tena siyo moja bali mengi kwa pamoja: mkia wa g unaoachwa wazi, kiunganishi kati ya n na d, pengo analoliacha kabla ya jina la ukoo.

Jambo lingine ambalo wachunguzi hulijua vizuri ni kwamba hakuna mtu anayetia saini mara mbili sawasawa. Zingelaliana mstari kwa mstari, hapo ndipo wangeanza kushuku na kuuliza ipi ilifuatishwa juu ya nyingine.

Kesi iliyolifikisha jambo hili mahakamani mapema ni ya wasia wa Sylvia Ann Howland, mwanamke tajiri wa New Bedford, Massachusetts, aliyefariki mwaka 1865 akiacha mali ya dola zipatazo milioni mbili. Mpwa wake, Hetty Robinson, alitoa wasia wa awali uliompa yeye mali yote, pamoja na ukurasa wa ziada uliobatilisha wasia mwingine wowote. Saini ya ukurasa ule ililaliana na saini ya wasia wenyewe. Benjamin Peirce, profesa wa hisabati wa Harvard, na mwanawe Charles walichukua saini 42 zisizo na ubishi za marehemu, wakazipiga picha, wakazipandanisha mbili mbili. Jozi zote ni 861. Kila saini ina mistari 30 inayoshuka, kwa hiyo walilinganisha mistari 25,830, mmoja mmoja, na kuhesabu ni mingapi iliyoangukiana. Walipata 5,325, takriban mmoja katika kila mitano. Kwenye saini ile yenye shaka, yote 30 iliangukiana. Peirce aliieleza mahakama kwamba jambo kama hilo lingetokea kwa bahati mara moja tu katika milioni ya milioni ya milioni 2,666.

Tarakimu hiyo ya mwisho siikubali. Hesabu yake inachukulia kwamba kila mstari umejiandika wenyewe bila kujua mwenzake, ilhali mkono ni mmoja, na siku ulipotulia ulitulia kwa mistari yote. Mahakama yenyewe iliamua kesi mwaka 1868 dhidi ya Hetty kwa hoja nyingine ya kisheria, bila kuitegemea hesabu hiyo. Ila ile kazi ya kuzipandanisha jozi 861 za picha, bila kuruka hata mstari mmoja, ndiyo inayonivutia. Leo mchunguzi akiulizwa ni kwa kiasi gani saini za mtu hutofautiana, anaanzia hapo hapo walipoanzia baba na mwana: anakusanya nyingi, anazipanga, anazitazama zote.

Mwandiko ukikosa kusema, wino na karatasi husema. Mwezi Oktoba mwaka 1985, mjini Salt Lake City, mabomu yaliua watu wawili. Mshukiwa, Mark Hofmann, alikuwa mfanyabiashara wa hati za kale, hasa zilizohusu mwanzo wa kanisa la Wamormoni, na wapelelezi walihisi kwamba hati hizo ndizo zilizozaa mauaji. Ugumu ulikuwa kwamba wataalamu wenye majina walikuwa wamezipitisha baadhi yake. Hofmann alitumia karatasi ya kale ya kweli. Wino aliutengeneza mwenyewe kwa namna ya karne ya 19, kwa tanini, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga, kisha akauzeesha kwa kemikali.

Wachunguzi wa nyaraka George Throckmorton na William Flynn hawakuanza na mwandiko. Walizitazama hati halisi za zama zile, nyingi, ili wajue wino wa kweli unavyozeeka, ndipo wakazitazama za Hofmann. Chini ya hadubini, wino wa Hofmann ulikuwa na mipasuko midogo midogo juu yake, na wao wakaifananisha na ngozi ya mamba. Katika miali ya urujuanimno walikuta pia dalili kwamba wino ulichuruzika kuelekea upande mmoja, kana kwamba karatasi ilitundikwa ikauke. Mipasuko ile ilitokea kwenye hati zilizopitia mikononi mwa Hofmann, siyo kwenye nyingine. Hata hapo hawakuridhika. Flynn alichanganya wino wake mwenyewe kwa resipe za kale, akauzeesha kwa kemikali, akaona gundi ikikauka na kupasuka vilevile. Kujua kwamba kitu si cha kawaida ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukitengeneza mezani pako ukaonyesha kinavyotokea. Januari mwaka 1987 Hofmann alikiri, akafungwa maisha.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote katika maabara hizi kilizaliwa London mwishoni mwa miaka ya 1970, wavumbuzi wake wakiwa wanatafuta njia ya kuona alama za vidole. Kinaitwa ESDA, nacho husoma maandishi yasiyo na wino. Ukiandika kwenye daftari, mkono wako huacha michubuko kwenye karatasi ya chini, na pengine kwenye ya tatu na ya nne. Michubuko mingine huonekana ukiimulika karatasi kwa tochi kutoka pembeni. Iliyo hafifu zaidi haionekani hata kwa tochi, na hiyo ndiyo kazi ya ESDA. Karatasi hutiwa unyevu kidogo, ikalazwa juu ya sahani ya shaba iliyotobolewa matundu madogo, hewa ikafyonzwa kutoka chini ili ikae bapa. Juu yake hutandikwa utando mwembamba wa plastiki. Mchunguzi hupitisha juu ya utando fimbo yenye umeme wa maelfu ya volti, kisha humwaga unga mweusi kama ule wa mashine ya fotokopi, uliochanganywa na chembe ndogo za kioo. Unga hutelemka, na palipochubuka hukaa. Neno hutokea, na jingine, hadi sentensi nzima iliyoandikwa kwenye ukurasa ambao hauko tena hapo. Karatasi yenyewe haidhuriki, wala haiguswi na unga.

Kwa kifaa hiki mtu anaweza kujua ni ukurasa upi uliandikwa juu ya upi, na kwa mfuatano gani. Watu sita waliohukumiwa mwaka 1975 kwa milipuko ya baa za Birmingham, iliyoua watu 21, walikaa gerezani hadi tarehe 14 Machi 1991. Rufaa yao ya mwisho ilikuwa na ushahidi mpya kuhusu vipimo vya mabaki ya baruti, na pamoja nao matokeo ya ESDA. Kurasa za mahojiano ya mmoja wao, ambazo polisi walidai ziliandikwa kwa mfululizo wakati mahojiano yakiendelea, hazikuandikwa hivyo. Wanaodhani kazi hii ni ya kuwanasa wahalifu tu waikumbuke kesi hiyo.

Hata ufundi huu wote hauna maana ikiwa kielelezo chenyewe ni cha uongo. Mwaka 1982 jarida la Stern la Ujerumani lilipeleka kurasa zilizodaiwa kuwa za shajara za Hitler kwa wachunguzi wawili wenye sifa kubwa, Max Frei-Sulzer wa Uswisi na Ordway Hilton wa Marekani. Wote wawili walisema mwandishi ni mmoja na wa vielelezo. Walikuwa sahihi: miongoni mwa vielelezo walivyopewa zilikuwamo karatasi zilizoandikwa na Konrad Kujau, ambaye ndiye aliyeandika na shajara zenyewe. Tarehe 6 Mei 1983 hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani ilitangaza kwamba shajara ni za kughushi, baada ya kukuta kwenye karatasi dawa ya kung'arisha weupe iliyoanza kutumika baada ya vita.

Kwa hiyo mchunguzi mwangalifu huwa mkali kuhusu vielelezo kuliko kuhusu jambo jingine lolote. Mshukiwa akitakiwa kuandika mbele yake, husomewa maneno, haonyeshwi hati. Haambiwi neno fulani linaandikwaje. Kila karatasi huondolewa ikishajaa ili asiweze kunakili hila yake mwenyewe. Naye huandika tena na tena, kwa peni na karatasi za namna ile ile, maana kujifanya kunachosha, na mkono uliochoka hurudi kwenye mazoea yake.

Sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania, zote zenye mizizi katika ile ya India ya mwaka 1872, hupokea maoni ya mtaalamu wa mwandiko, na hupokea pia ya mtu wa kawaida anayeujua mwandiko wa fulani kwa kuwa alimwona akiandika au alikuwa akipokea barua zake. Karani wa miaka mingi ana nafasi kizimbani kando ya mwenye hadubini. Maoni ya yeyote kati yao hayamfungi hakimu. Anataka kuonyeshwa sababu, herufi kwa herufi.

Na wakati mwingine sababu hazitoshi. Ndugu wanaogombea mirathi huleta fotokopi ya wasia na saini moja ya marehemu kutoka kitambulisho alichokipata ujanani. Fotokopi haina mkandamizo wa peni, haionyeshi wino ulipopandana, na saini iliyohamishwa kutoka hati nyingine hutoka ndani yake ikiwa safi kabisa. Mchunguzi wa kweli hakisii. Huandika kwamba haiwezekani kutoa jibu kwa vitu vilivyoletwa, kisha hueleza anachohitaji: wasia halisi, usiotobolewa wala kubanwa kwa pini zaidi ya ulivyokuwa, na saini za miaka miwili mitatu ya mwisho ya marehemu, nyingi iwezekanavyo, kutoka fomu za benki, daftari la ushirika, risiti za kodi ya nyumba, orodha za michango ya harusi, zile alizotia siku za kawaida, akiwa na haraka, bila kuwaza kwamba kuna mtu atakuja kuzitazama.