Ndiyo, Hapana, au Kaa Karibu

Ingia kwenye folda ya msimbo wa Linux, andika make menuconfig, na skrini inageuka buluu. Hakuna picha, hakuna kipanya. Ni orodha ndani ya orodha, na ukijumlisha machaguo ya aina zote za mashine yanapita 10,000. Wengi wakifika hapo hurudi walikotoka. Mimi hushuka moja kwa moja hadi sehemu ya mitandao, maana hapo ndipo mtu anapoamua mashine yake itazungumza kwa itifaki zipi, na zipi haitazijua kabisa.

Majibu ni matatu. Herufi y inaitia huduma ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, n inaiacha nje, na m inaijenga kama moduli, ikae kwenye diski mpaka iitwe. Anayeanza huipenda m kwa kuwa haimnyimi kitu. Basi mpe kompyuta isiyo na diski, inayochukua faili zake zote kwa NFS kutoka kwenye seva. Kiendeshi cha kadi ya mtandao akikifanya moduli, bila kuandaa initramfs (mfumo mdogo wa faili wa kuanzishia) ya kukibeba, amefungia ufunguo ndani ya chumba: moduli iko kwenye seva, na seva haifikiki bila moduli hiyohiyo. Fundi anayejua mashine yake inavyoamka, hatua kwa hatua, anabonyeza y na kuendelea.

Lakini hapana ndilo jibu linalotaka moyo. Ruta ya Linksys WRT54G, iliyotoka mwishoni mwa 2002, iliendeshwa na Linux ndani ya hifadhi ya megabaiti 4. Waliokuja kuijengea mifumo mingine, OpenWrt ikiwamo tangu 2004, hawakuwa na nafasi ya kuchukua kila kitu kwa tahadhari tu. Kila huduma iliyoingia ilikula mahali pa nyingine. Hata kerneli yenyewe hupunguza mizigo. DECnet iliondolewa katika toleo la 6.1 mwaka 2022, na sijamsikia aliyeililia.

Wanastahili sifa pia walioandika maelezo yanayoambatana na machaguo hayo. Ni mafupi, makavu, na mengi huishia na ushauri uleule: kama huna hakika, jibu hapana. Ushauri wa kiungwana. Nitabishana nao mahali pamoja tu, kwenye fq_codel, huduma ya kusimamia foleni za pakiti.

Kumbukumbu iliposhuka bei, watengenezaji wa modemu na ruta walirundika nafasi ya kuhifadhia pakiti, wakidhani kutozipoteza ni wema. Matokeo yake ni foleni. TCP hutegemea zaidi pakiti kupotea ndipo ijue njia imejaa; zisipopotea inazidi kusukuma, na mtu mmoja anayepandisha video anawakatia wenzake simu nyumba nzima. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, nayo haijali foleni ina urefu gani. Inapima pakiti imekaa humo muda gani. Ikiona milisekunde 100 zimepita na hakuna hata pakiti moja iliyosubiri chini ya 5, inaanza kuzitupa, kwa mpango, mpaka wasukumaji wapunguze kasi. Eric Dumazet akaiunganisha na ugawaji wa foleni: kila mazungumzo yapewe mstari wake, na yenye pakiti chache yatangulizwe. Hiyo ndiyo fq_codel, na ikaingia katika Linux 3.5 mwaka huohuo. Msimbo wake ni mdogo ajabu ukilinganisha na nafuu inayoleta, na kwangu huo ndio uzuri wenyewe.

Kuijenga hakutoshi. Huduma inaweza kuwamo kwenye kerneli na isiguswe na pakiti hata moja. Kwa kawaida inabidi kigezo cha net.core.default_qdisc kiitaje, na kama foleni inajaa kwenye modemu badala ya ruta yako, uipunguze kasi ya ruta kidogo chini ya ile ya laini ili foleni ihamie unapoitawala. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, kisha fq_codel inalaumiwa bure. Halafu anzisha upakiaji mkubwa, piga simu ya video, na uendeshe tc -s qdisc. Pakiti zilizotupwa zikianza kuongezeka huku mazungumzo hayakwami, imeshika.