Ufundi wa Kuipimia Huzuni

Anayefungua Liji, mkusanyo wa sura 49 kuhusu ibada na adabu za Wachina wa kale, aghalabu hutarajia makatazo matupu. Makatazo yamo tele. Hata hivyo, sura zake za msiba ni kazi ya mafundi waliochunguza jinsi huzuni inavyoukalia mwili, kisha wakaikatia kipimo. Ufundi wao unastahili sifa kwa kuwa ulimjali mfiwa katika saa ambayo hana akili ya kuamua lolote.

Tazama chakula. Aliyefiwa na mzazi hakula siku tatu wala hakuwasha moto jikoni. Majirani ndio waliompikia uji. Baada ya maziko na ibada zilizofuata, alikula chakula duni na kunywa maji. Mwaka ulipotimia, mboga na matunda vilimrudia. Wa pili ulipokwisha, siki na mchuzi wa kukolezea. Mwishoni kabisa, pombe tamu. Mtu alirudishwa duniani hatua kwa hatua, kupitia ulimi wake. Msiba huo uliitwa wa miaka mitatu, ingawa kwa hesabu ya Liji ulikoma mwezi wa 25. Na kipimo kiliwabana hata wachamungu. Zengzi, mwanafunzi wa Confucius, alipojisifu kwamba siku saba hakuonja hata maji, Zisi, mjukuu wa mwalimu huyo, alimjibu kuwa desturi imeweka siku tatu: aliyezidisha ajirudi, aliyepungukiwa ajikaze aifikie. Fundi anayejua kazi yake humzuia mfiwa asijiue kwa majonzi, na humzuia mwenzake asimsahau marehemu kabla jua halijatua.

Mwanafalsafa Mozi, aliyeishi baada ya Confucius, aliuona ufundi huo wote kuwa hasara: mali inafukiwa ardhini, mashamba yanalala, watu wanadhoofu. Kuhusu mali, Liji yenyewe inamjibu. Mwanafunzi wake Confucius, Zilu, alipolalamikia umaskini unaomnyima mtu uwezo wa kuwazika wazazi ipasavyo, Confucius alisema inatosha kuusitiri mwili na kuuzika mapema bila jeneza la nje, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Kuhusu muda, Mozi ana haki. Mkulima asiye na akiba hawezi kuomboleza kama ofisa, na waandishi wa sura hizi waliwatazama zaidi watu wa tabaka lao.

Pingamizi zito zaidi linamhusu mama. Kwa sheria ya Yili, kitabu kingine cha kale cha ibada, baba akiwa hai, mtoto alimwomboleza mama mwaka mmoja tu, kana kwamba uchungu wa mtoto hupangwa na cheo cha mzazi. Hapo mafundi walikosea, na si kosa dogo. Lakini mwaka 1374 mfalme Zhu Yuanzhang, mwanzilishi wa nasaba ya Ming, aliamuru mama aombolezwe miaka mitatu sawa na baba, na kipimo kikaendelea kutumika. Kumbe dhuluma ilikuwa katika ngazi ya vyeo iliyopachikwa juu ya kipimo, na ngazi iliweza kuondolewa. Anayetaka kuzitupa desturi zote za msiba kwa sababu ya ngazi hiyo atamwachia mfiwa kazi ya kujitungia kipimo chake siku ileile anayoshindwa hata kujipikia uji.