Mzee wa Miaka 19 Mlangoni

Kijana wa miaka 19 amesimama nje ya uzio wa minyaa. Amevaa shati jeupe na tai, na kifuani ana kibao cheusi chenye jina lake la ukoo, bila jina la kwanza. Pembeni yake yuko mwenzake wa rika hilohilo. Wanapiga hodi. Anayetoka ni bibi aliyevuka miaka 70, kanga kiunoni, mikono imejaa unga. Katika maandishi ya Kiswahili ya kanisa lao, kijana huyu cheo chake ni Mzee. Huku Usukumani, mzee pale mlangoni ni huyo bibi. Kabla neno lolote la dini halijatamkwa, mwenye cheo cha Mzee anatakiwa ainame kidogo na kusema shikamoo bibi. Akijua na "mwadila mayu" ya mchana, akapokea maswali ya habari za nyumbani, za mvua na za ng'ombe bila kuangalia saa, amekwisha kufundisha nusu ya somo lake la kwanza.

Naanzia hapo kwa sababu mara nyingi tukizungumzia wahubiri tunazungumzia wanachoamini, na ni nadra kuangalia kazi yao inavyofanyika. Hawa wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni, wana utaratibu wa kufundisha uliopimwa na kurekebishwa kwa miongo mingi, na unastahili kuchambuliwa kama ufundi mwingine wowote. Kwetu historia yao ni fupi. Kwa muda mrefu kanisa hilo halikuwapa ukuhani wanaume wenye asili ya Afrika; zuio hilo liliondolewa Juni 1978, na hapo ndipo milango ya sehemu kubwa ya bara hili ilipoanza kufunguliwa. Hapa Tanzania kanisa lilisajiliwa mwaka 1992. Kitabu cha Mormoni kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2000, na mwaka 2020 misheni ya Dar es Salaam ikaanza kusimama yenyewe. Mimi vijana hawa nimewaona Mwanza. Swali langu ni la Msukuma anayeijua njia inayotoka pale: utaratibu huu ukivuka Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, ukaingia Geita, au ukishuka na barabara ya Shinyanga hadi Kahama, ni wapi utashika na ni wapi utateleza?

Nguzo ya kwanza ni uwili. Mmisionari hakai peke yake hata saa moja. Ana mwenza ambaye hakumchagua, amepangiwa. Wanalala nyumba moja, wanapika pamoja, wanatembea pamoja, na baada ya wiki kadhaa mmoja anaweza kuhamishwa na mwingine akaletwa. Wanaume hutumika miezi 24, wasichana wengi miezi 18. Hawalipwi mshahara, wao na familia zao ndio huchangia gharama. Mtu wa nje huona ulinzi wa maadili tu katika uwili huo, na kweli upo. Lakini kwenye mafundisho uwili ni chombo. Mmoja anapozungumza, mwingine anasoma uso wa msikilizaji. Mmoja akikwama kwenye ngeli, mwenzake anaokoa sentensi. Mmarekani aliyejifunza Kiswahili wiki chache darasani akipangwa na kijana wa Kitanzania, Kikenya au Kikongo, sikio la pili linakuwa na thamani kuliko mdomo wa kwanza.

Wazo la kutomwacha mhubiri peke yake si geni Kanda ya Ziwa. Charles Lavigerie, aliyeasisi shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, aliagiza watu wake wasipungue watatu katika kituo kimoja. Waliofungua Bukumbi, kusini mwa ziwa, mwaka 1883 walikuwa watu wa kanuni hiyo. Lavigerie aliongeza sharti jingine ambalo ndilo tofauti kubwa kati ya shule hizi mbili: anayetaka kubatizwa afundishwe miaka minne. Kwa hawa vijana wa shati jeupe, safari kutoka hodi ya kwanza hadi majini inaweza kuchukua wiki chache. Tofauti hiyo iwekwe akiba, nitairudia.

Siku yao imekatwa kama kitambaa cha fundi. Kwa kawaida wanaamka saa 12:30 asubuhi, wanafanya mazoezi ya mwili, wanakula, halafu kila mmoja anasoma maandiko peke yake. Baadaye wanasoma wawili, wakijaribiana jinsi watakavyolifundisha somo la siku hiyo kwa mtu fulani, kwa jina lake. Anayejifunza lugha anaongeza muda wa lugha. Wanatoka asubuhi ikiwa imekwenda, wanarudi kama saa 3 usiku, na saa 4:30 taa inazimwa. Siku moja kwa wiki, aghalabu Jumatatu, ni ya maandalizi: kufua, kwenda sokoni, kuandika barua. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa pia kuongea na wazazi kila wiki. Kabla ya hapo sauti ya mama ilisikika kwenye simu mara mbili tu kwa mwaka.

Sasa ichukue ratiba hiyo uiweke juu ya siku ya Msukuma. Saa 12:30, jua likiwa linachungulia, mkulima wa pamba wa Kishapu amekwisha kuacha jasho shambani. Mama lishe wa Katoro aliwasha jiko usiku. Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, kule Nyarugusu au Rwamgasa, watu huingia kwa zamu, na anayetoka chini alfajiri hulala mchana. Kubisha hodi saa 4 asubuhi ni kuwakuta watoto na wagonjwa. Jioni ndiyo saa ya watu, ila nayo ina mpaka wake. Sungusungu walizaliwa huku, upande wa Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na vijana wawili wageni wanaopita nyumba hadi nyumba gizani watasimamishwa na kuulizwa wametoka kwa nani. Kwa hiyo hodi ya kwanza haibishwi kwa bibi mwenye unga mikononi. Inabishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwaka 2017 kanisa lililegeza ratiba kidogo ili iendane na mahali, na nadhani hakuna mahali panapoistahili nafasi hiyo kuliko machimboni.

Tuingie kwenye somo lenyewe. Vigoda vinne chini ya mwembe. Sala fupi. Kijana mmoja anaeleza jambo moja kwa dakika tatu au nne, anauliza swali, ananyamaza. Mwenzake anafungua andiko na kumpa mwenyeji asome kama anajua kusoma. Kama hajui, mtoto wa shule anaitwa. Somo zima likizidi dakika 30 limeshaharibika, na mwongozo wao wenyewe unaruhusu hata la dakika tano. Masomo makuu ni machache: kurejeshwa kwa injili, mpango wa wokovu, injili ya Yesu Kristo, kisha maisha ya mwanafunzi wa Kristo na amri zake.

Zamani haikuwa hivi. Katika utaratibu wa mwaka 1961 mmisionari alikariri maneno yaleyale na kuyatoa yalivyo kila nyumba. Mwaka 1986 yakaja masomo sita yenye uhuru zaidi. Mwaka 2004 kikatoka kitabu cha mwongozo, Hubiri Injili Yangu, kilichorekebishwa tena mwaka 2023, na humo kijana anatakiwa aelewe somo na kuliongea kwa maneno yake, akifuata haja ya aliye mbele yake. Kwa Kiswahili mageuzi hayo ni ukombozi. Maneno ya kukariri kwetu yana sauti ya risala mbele ya mgeni rasmi: watu wanapiga makofi, wanaenda zao.

Kiini cha ufundi, hata hivyo, ni mwaliko. Hawaondoki bila kumwomba mtu afanye jambo: asome ukurasa huu, asali kwa swali hili, aje kanisani Jumapili hii. Mwaliko una siku. Baada ya siku mbili au tatu wanarudi na kuuliza kama limefanyika, na jibu linaingia kwenye kumbukumbu ambayo zamani ilikuwa faili la karatasi na leo imo kwenye simu. Walimu wetu wa shule wangeweza kujifunza mengi hapa. Somo linapimwa kwa alichofanya mwanafunzi mwalimu alipokuwa hayupo.

Na hapohapo ndipo kijana mgeni hukosea zaidi, kosa ambalo halitokani na sarufi. Anamwambia bibi: utakuja Jumapili? Bibi anajibu: nitajitahidi, mjukuu wangu, Mungu akipenda. Kijana anafurahi, anaandika "ndiyo". Mwenzake aliyezaliwa Kanda hii ametazama pembeni. Anajua kwamba mgeni hakataliwi usoni. Anajua kuna "nitajitahidi" ya mtu anayetafuta nauli, na kuna "nitajitahidi" ya mtu anayefunga mlango taratibu ili usigonge. Tofauti iko kwenye kasi ya jibu, iko kwenye kama bibi ameuliza saa ngapi, na kama amemtaja mtu wa kumsindikiza. Aliyeuliza saa ngapi atakuja. Ningekuwa ninawafundisha vijana hawa, ningetumia asubuhi nzima ya masomo yao kwa neno hilo moja.

Kisha kuna kikombe. Mwenyeji ameleta chai ya maziwa. Neno la Hekima, sheria yao ya afya ya tangu 1833, inakataza pombe, tumbaku, kahawa na chai ya majani. Kukataa chai ya mwenyeji Usukumani ni jambo zito, na nimeona linavyoweza kuharibika au kulainishwa kwa sentensi moja. Kijana asiyejua anasema dini yangu hairuhusi, na mama aliyeleta kikombe anajiona amehukumiwa. Anayejua anaomba maji, au uji, au mchaichai, ambao haumo kwenye katazo, anashika kikombe kwa mikono miwili na kunywa mpaka chini. Maelezo ya sheria yatakuja siku nyingine, akiulizwa.

Ukanda wa dhahabu una mitihani yake ambayo hakuna mwongozo ulioiandika. Zaka ni sehemu ya kumi ya kipato. Lakini mchimbaji mdogo mara nyingi hana mshahara. Analipwa mgao wa mifuko ya mawe. Mawe hayo yapite kwenye karasha, yafike mwaloni, yaoshwe, yashikwe na zebaki, yachomwe, ndipo ijulikane kama amepata gramu au amepata deni. Kumfundisha zaka kunahitaji kwanza kukaa naye kwenye kifusi na kuelewa kipato chake kinazaliwa saa ngapi. Na kuna ndoa. Anayeishi na mwenzi bila ndoa halali habatizwi kabla hawajafunga ndoa, na aliye kwenye mitala habatizwi maadamu yumo. Machimboni nyumba nyingi ni za sogea tukae, watu wawili waliokutana mbali na kwao, mahari haijazungumzwa, wazazi wako Maswa na Kibondo. Kuwaambia wafunge ndoa ndani ya wiki tatu ni kuwaambia wapitishe ukoo mzima kwenye tundu la sindano. Hapa ndipo miaka minne ya Bukumbi inaponirudia. Siiombi irudi kama ilivyokuwa. Iliwaacha wengi njiani. Lakini ilijua kwamba kuna mambo ya mtu yanayohitaji misimu kadhaa ya mvua.

Kwa upole wa aina hiyo, mfano ulio karibu zaidi uko Ndoleleji, ndani ya Jimbo Katoliki la Shinyanga. Padri Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll alikaa miaka mingi akikusanya methali, nyimbo na hadithi za Kisukuma akiwa na kamati ya utafiti ya wenyeji, na mwaka 1984 yeye na mwenzake Joseph Healey wakatoa kitabu cha Kueneza Injili kwa Methali, kilichoanzia kwenye hekima ya chakula na ukarimu. Utaratibu wake ulikuwa kinyume cha huu wa vigoda vinne: mwenyeji anaanza kusema, mhubiri anaandika. Kijana wa miezi 24 hawezi kuwa Sybertz. Wiki sita zikipita huenda akahamishiwa Dodoma. Lakini anaweza kuazima kitu kimoja: aje na swali lisilo la dini, la namna watu wa hapa wanavyompokea mgeni, na ayaandike majibu kwenye ile kumbukumbu ya simu, mwenza atakayerithi eneo ayakute.

Maana anayefundishwa naye huhama. Uvumi wa rashi ukitoka, kwamba mwamba umeonekana upande fulani, kambi ya watu mamia hupungua kwa usiku mmoja. Kijana wetu anafika alasiri na Kitabu cha Mormoni alichomwahidi mchimbaji aliyekuwa amesoma kurasa zote alizopewa na kuuliza saa ngapi. Chumba kiko wazi, matimba ya shimoni yaliyobaki yameegemezwa ukutani. Anapiga simu: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mama lishe jirani anamwangalia, anafuta kigoda kwa upande wa kanga yake. "Ameenda rashi, mwanangu. Kaa kwanza. Nikuletee uji?"