Safari kama Adhabu: Dzombo, Karama na Mwizi wa Kuku

Aghalabu wahakiki wameisoma riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), kama riwaya ya kinjozi: nchi ya usawa imebuniwa ili nchi ya dhuluma iumbuke. Usomaji huo una msingi, na jina lenyewe la nchi hiyo, likivunjwa kuwa "wale ni sisi", linauhimiza. Hata hivyo, unaanzia pale Dzombo anapofika. Makala haya yanakusudia kuanzia pale anapotoka. Kabla ya kuwa mgeni wa Walenisi, Dzombo ni mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa, na hukumu yake si kitanzi wala minyororo. Hukumu yake ni chombo. Anatiwa chomboni, chombo kinarushwa kwenda kusikojulikana, na utawala uliomhukumu unanawa mikono. Tunashikilia kwamba adhabu hiyo si pambo la riwaya ya kisayansi. Ni adhabu yenye historia, na historia hiyo inabadilisha maana ya safari nzima.

Katika Uingereza ya karne ya 18, aliyeiba mali ya thamani iliyozidi shilingi moja aliweza kunyongwa. Mahakimu waliona haya kunyonga watu wengi kiasi hicho, lakini hawakuona haya kuwaondoa machoni. Sheria ya mwaka 1718 iliwaruhusu kuwapakia wezi wadogo merikebuni na kuwapeleka makoloni ya Amerika kwa miaka 7, na waliosamehewa kitanzi kwa miaka 14. Wapatao 50,000 walipelekwa huko kabla ya vita vya uhuru wa Marekani kuifunga njia hiyo. Baada ya hapo wafungwa walisongamanishwa katika merikebu kuukuu zilizotia nanga mtoni Thames, hadi mwaka 1787 msafara wa merikebu 11 ulipong'oa nanga Portsmouth ukiwa na wafungwa zaidi ya 700, ukapitia Rasi ya Tumaini Jema, ukaikata Bahari ya Hindi upande wa kusini na kufika Australia Januari 1788. Biashara hiyo ilipokoma mwaka 1868, wapatao 160,000 walikuwa wamevushwa. Wengi wao makosa yao yalikuwa ya nguo, chakula na mifugo. Nasi tunaomsikia kila siku mwizi wa kuku akitajwa pale wezi wa mamilioni wanapoachiliwa, hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi.

Jambo moja katika sheria hiyo linamhusu mhakiki moja kwa moja. Aliyerudi kabla ya muda wake kwisha alistahili kunyongwa. Yaani wizi wenyewe ulilipiwa kwa miaka saba, lakini kurudi nyumbani kulilipiwa kwa roho. Kiini cha adhabu hakikuwa kwenda, kilikuwa kukatazwa marejeo. Chombo cha Dzombo kinakifikisha kiini hicho kikomoni: hakihitaji sheria ya kumzuia msafiri asirudi, kwa kuwa hakikukusudiwa kumfikisha popote.

Ukilinganisha hapo na Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, unakuta picha iliyogeuzwa nje ndani. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kuanzisha elimu ya sheria, na utetezi wake ni kisa cha wajumbe sita waliotumwa nchi za nje. Wote walitumwa kwa heshima, wote walirudi na jambo la manufaa kwa nchi, na wote wakafungwa. Kwa Mkangi mtu anatoka kifungoni kwenda safarini. Kwa Shaaban Robert mtu anatoka safarini kwenda kifungoni. Wasomaji wamezoea kusema kwamba wajumbe waliadhibiwa kwa ajili ya mawazo mapya. Ni kweli, ila mawazo hayo yasingemsumbua mtu yeyote kama wenyewe wangebaki huko. Kosa lao ni lile lile la yule mwizi wa London: wamerudi.

Tuliwahi kuijadili Walenisi na walimu wa shule za upili kule Kabazi, katika bonde la Subukia, wilaya ya Nakuru kama ilivyoitwa wakati huo. Tulitarajia maswali juu ya ujamaa na juu ya chombo cha angani. Swali la kwanza lilitoka kwa mwalimu aliyekaribia kustaafu: "Huyu Dzombo aliiba nini?" Vijana walicheka. Hatukucheka, kwani swali hilo lilikuwa la kihakiki kuliko yote yaliyofuata. Dzombo si mwizi. Kosa lake ni kuukera utawala. Lakini mwalimu yule ni mtoto wa skwota, na baba yake alifungwa kwa mzigo wa kuni uliotoka katika shamba la setla. Katika kumbukumbu ya aina hiyo, mtu haondolewi bila kwanza kuitwa mwizi.

Na sheria zinamuunga mkono. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwapeleka Laikipia na kusini, na wa mwaka 1911 ukawatoa na Laikipia. Mwaka 1913 ikaja sheria ya wizi wa mifugo na mazao, iliyoruhusu faini ya mara kumi ya thamani ya kilichoibwa. Mwizi asipoweza kulipa, jamaa zake walidaiwa. Sheria ya mwaka 1918 ikamtaka skwota amtumikie setla siku 180 kwa mwaka ili apate mahali pa kulima na kulisha. Mpangilio huo ni wa kusomwa kama msuko wa riwaya: ardhi inatwaliwa kwanza, ndipo kuni zake zinakuwa mali ya mtu, ndipo mwokota kuni anakuwa mwizi. Mkangi, aliyekuwa mwanasosholojia na aliyeonja kizuizi mwaka 1986, aliujua mpangilio huu vizuri. Ndiyo maana inashangaza kwamba amemwacha mwizi mdogo nje ya chombo. Aliyemo ni mtu mwadilifu na mwenye fikra, ambaye msomaji anamhurumia bila taabu. Hukumu dhidi ya mtu mwema hulaumu hakimu mbaya. Ingekuwa dhidi ya mwizi halisi, mwenye kuku halisi kwapani, ingelaumu sheria yenyewe, na riwaya ingekuwa ngumu zaidi kuandika na nzito zaidi kusoma.

Udhaifu wa pili uko mahali pa kufikia, na hapa ndipo tunapotofautiana na wanaoisifu njozi ya Mkangi bila kusita. Walenisi inampokea Dzombo. Ina nafasi kwake, na kuja kwake hakumpunguzii mwenyeji kitu. Historia haikuwa na ukarimu huo. Wafungwa walioshushwa Australia waliwakuta wenyeji, na mikono ya waliohukumiwa ikatumika kuwanyang'anya wasio na hatia. Kabazi nayo imefikiwa mara nyingi: na setla, na skwota aliyeletwa na njaa ya ardhi, na mnunuzi wa baada ya uhuru. Ni nani mgeni na ni nani mwenyeji ni swali lililomwagiwa damu katika sehemu za Nakuru mwaka 1992, 1998 na tena 2008. Msomaji wa huko akiambiwa "wale ni sisi" hapingi, ila anataka kujua shamba la nani limekatwa ili sisi tuwe wale. Riwaya haimjibu, kwa kuwa imeiweka nchi yake mbali mno na ardhi yoyote yenye mipaka.

Kisa kinachoikaribia zaidi adhabu ya Dzombo hakiko angani, kiko Kericho. Masetla na maafisa waliwashutumu walaibon wa ukoo wa Talai kwa kuongoza wizi wa mifugo na uvunjaji wa nyumba. Mwaka 1934 ilitungwa sheria mahsusi ya kuwaondoa, na ukoo mzima, wapatao 700 pamoja na wake na watoto, ukahamishiwa Gwassi kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, nchi ya mbung'o na malaria. Hakuna aliyehitajika kuonyesha ng'ombe aliyeibwa na mtoto wa miaka mitano. Katika Kusadikika neno moja la mfalme linatosha kuwafungulia Karama na wajumbe, na kitabu kinafungwa kwa furaha bila kueleza walikwenda kuishi wapi. Watalai waliruhusiwa kurudi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengi wao hawakurudishiwa ardhi.